Usaha wa Mtani

Sijawahi kuzoea usaha. Watu hudhani daktari wa moyo anashika mioyo tu, safi, myekundu, inayodunda kwa adabu kama ile ya kwenye picha za ukutani. Mimi kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nashika bomba la sindano nene kuliko kidole gumba, nalichomeka kwenye kizibo tulichompandikizia Mzee Odilo Gama chini ya chuchu ya kushoto, kisha navuta. Kilichotoka kilikuwa cha manjano iliyochanganyika na kijani, kizito kama uji wa ulezi uliolala, tena cha moto. Ule moto ndio ulionitia kinyaa kuliko yote. Usaha wa jipu la mguuni ni uchafu tu, unafuta, unanawa, unasahau. Huu ulikuwa unatoka ndani ya ukuta wa moyo wa mtu aliye hai, na bomba lilirukaruka kiganjani mwangu kwa mapigo yake.

Halafu ile harufu. Mapera yaliyooza. Naomba mtu asinitajie mapera mpaka naingia kaburini.

"Vuta, Mhehe, vuta," Mzee Odilo aliniambia Jumatatu hiyo, amelala chali, macho kwenye dari. "Mbona unavuta kwa uoga? Huko kwenu mnakamua nini, mbwa?"

"Kwetu tunakamua ng'ombe, Mzee. Nyie Wangoni ndio mlikuwa mnakuja kuwaiba, mnakimbia nao, mnachoka njiani, mnaishia kula panya."

Alicheka mpaka mrija ukatikisika. Muuguzi Bupe, aliyekuwa amenishikia beseni, alimwekea mkono begani. "Babu, jamani, tulia. Utatupasukia hapa."

Bupe ni Mnyakyusa, hayamhusu. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zetu walipigana vita hadi wakachoka, na walipochoka wakatuachia jambo moja la maana: mjukuu wa huyu anaweza kumtukana mjukuu wa yule popote, hata msibani mbele ya jeneza, anaweza kuingia kwake akachukua kuku bila kuomba, na mwenye kuku haruhusiwi kukasirika. Tangu siku Mzee Odilo alipoletwa Hospitali ya Mapigo hapa Iringa, akasikia kuwa daktari wake anaitwa Oresta Kikoti, hatukuwahi kuongea neno la maana. Na mimi, nisiseme uongo, bila ule utani nisingeweza kuingia chumba kile. Ningetapika mlangoni.

"Nichukue wote huu?" nilimuuliza, bomba limejaa. "Au nikuachie wa kutowelea ugali?"

"Chukua! Chukua wote, mtani. Kawape wagonjwa wenzangu wanywe, na mbwa wenu uwabakizie. Nikiisha mnichinje kabisa."

Ukutani, juu ya kichwa chake, jicho dogo la Shahidi liligeuka kutoka jeupe likawa kijani. "Ridhaa imepokelewa," ilisema sauti ya mwanamke asiye na haraka.

Shahidi ni mashine iliyo kila chumba. Sheria inataka hivyo: hakuna mkono wa daktari kugusa mwili wa mtu mpaka Shahidi amsikie mwenyewe akikubali kwa kinywa chake. Ni sheria nzuri. Ilikuja baada ya madudu mengi.

"Kidude hiki hakina hata haya," Bupe alisema, akalifunika beseni. Akaondoka nalo, kama kila Jumatatu, kwenda kulichoma moto. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najua.

*

Niseme kidogo Mzee Odilo alivyofika pale. Shambulio la moyo lilikuwa limeua kipande cha nyama ya moyo wake, upande wa chini. Tukamtibu kama tunavyowatibu wote siku hizi: tulimdunga wafumaji. Ni bakteria, tusidanganyane kwa majina mazuri, ila ni bakteria waliofundishwa kazi. Wanaingia kwenye nyama iliyokufa, wanaila, na kila wanapopita wanaacha nyuzi nyembamba, na nyama mpya inapanda juu ya nyuzi hizo kama maharage yanavyopanda kwenye miti. Wakimaliza, mgonjwa anatundikiwa maji ya kufuta, dawa chungu kama shubiri, wafumaji wanakufa wote, na mtu anarudi kwake kulima.

Wa Mzee Odilo walikataa kufa. Walijichimbia mfuko ndani ya ukuta wa moyo, wakaujaza usaha, nasi tukawa tunaukamua huku maji ya kufuta yakiendelea kuingia mkononi mwake. Nilishangaa kila wiki kwa nini mfuko unajaa upya. Nilimwambia Profesa Kokuhirwa, mkuu wetu, kwamba dawa haimsaidii, tumfungue tulitoe jipu zima. Profesa alitikisa kichwa kwa huruma. "Subiri kidogo, Dokta. Mzee huyo hana nguvu ya kisu." Nikasubiri. Profesa Kokuhirwa ndiye aliyenifundisha kushika kisu.

Mchana wa Jumatatu ileile nilishuka wodi ya chini kumwona mama yangu. Ndiyo, mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa wetu. Moyo wake ulishtuka wakati wa mavuno, wafumaji wa kawaida wakafuma nusu, wakalegea. Alikuwa analala ameketi, miguu imevimba mpaka vidole vimemezwa, na kila neno alilitanguliza kwa pumzi. Profesa alikuwa ameniahidi dawa mpya, Mzao wa Pili, na zamu ya mama ilikuwa Jumatatu inayofuata. Nilikuwa naiombea hiyo Jumatatu kuliko nilivyowahi kuomba kitu.

"Umekula?" mama aliniuliza. Mtu hana pumzi, anauliza mimi nimekula.

"Nimekula, mama."

"Mwongo."

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mama Sikitu, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga. Aliletwa kwetu akiwa wa kukatiwa tamaa, akapewa Mzao wa Pili, na sasa alikuwa anajifulia kanga zake bafuni na kuwagombeza wauguzi. Aliponiona alinikimbilia. Alikimbia kweli, mtu ambaye juzi alikuwa analishwa kwa kijiko.

"Daktari wangu!" Akanikumbatia, akanipumulia shingoni.

Mapera yaliyooza.

Nilisimama nimekumbatiwa na mwanamke aliyefufuka. Harufu ile sikuhitaji kuikumbuka, nilikuwa nimeinawa kwenye vidole asubuhi ileile mara tatu. Ilikuwa kwenye pumzi yake. Ilikuwa kwenye jasho lake. Nilijitoa taratibu, nikamwambia nafurahi, nikaenda bafuni nikatapika kwenye sinki lenye povu la kanga zake.

Bupe nilimkuta kwenye chumba cha kufungia dawa. Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Beseni la Mzee Odilo unalipeleka wapi?"

Hakujifanya hajaelewa. Alitazama viatu vyake. "Maabara. Profesa alisema wewe unajua, Daktari. Alisema hupendi tu kuliongelea." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Huko usaha huo wanauita asali."

Asali! Nikapanda ngazi hadi chumba cha Mzee Odilo. Alikuwa amesinzia. Nililishika lile pakiti la maji lililotundikwa, lenye maandishi makubwa ya maji ya kufuta, nikafungua kishimo chake, nikadondosha tone kwenye ulimi.

Lilikuwa tamu. Tamu kama togwa.

*

"Keti, Dokta," alisema Profesa Kokuhirwa.

Sikuketi. Nililiweka pakiti juu ya meza yake, katikati ya kikombe cha chai na picha za wajukuu.

"Hiki ni chakula cha wafumaji. Mnalilisha jipu, kisha usaha wake mnauita Mzao wa Pili."

Alilitazama pakiti, kisha akanitazama mimi, na cha ajabu ni kwamba uso wake ulionyesha nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Profesa si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia.

"Wafumaji wake wanafanya kazi ambayo wetu hawajawahi kuifanya," alisema. "Sijui wamejifunzaje. Wanafuma moyo mzima kwa siku chache. Tumejaribu kuwaotesha kwenye vyungu vya maabara, wanakufa. Kwenye mioyo ya nguruwe, wanakufa. Wanaishi ndani ya Mzee Odilo peke yake. Nje yake wanavumilia saa chache, basi. Ungefanyaje?"

"Ningemwambia mwenyewe."

"Alikubali."

Aliugusa ukuta, na sauti ya Mzee Odilo ikajaa ofisini, ya Jumatatu ya kwanza kabisa. Utani ule tulikuwa tunaurudia kila wiki, maneno karibu yaleyale. *Chukua wote, mtani. Kawape wagonjwa wenzangu wanywe. Nikiisha mnichinje kabisa.* Baada yake yule mwanamke asiye na haraka: *Ridhaa imepokelewa.*

Kilichonitia ubaridi si maneno. Kicheko hakikuwepo. Sauti ilikuwa kavu, nzito, kama ya mzee anayetoa wosia.

"Alikuwa anacheka," nilisema. "Kicheko kiko wapi?"

"Shahidi husafisha kelele."

"Kicheko ni kelele?"

"Kwa mashine, ndiyo."

"Profesa, yule ni mtani wangu! Angeweza kuniambia nimng'oe macho nikachezee bao. Hakuna mtu Iringa nzima asiyejua kwamba hayo si maneno ya kukubali kitu."

"Aliyetengeneza Shahidi hakuwa wa Iringa," alisema Profesa. Akanywa chai. Mimi nilitazama midomo yake ikigusa kikombe, nikageuza uso, maana kila kitu kwenye chumba kile kilikuwa kimeanza kuninukia mapera.

Nilimwonyesha picha ya mawimbi ya sauti niliyompiga Mzee Odilo wiki iliyopita. Kati ya mfuko wa usaha na uwazi wa nje wa moyo, ukuta ulikuwa umebaki mwembamba kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Kila tulipomlisha, mfuko ulivimba, na utando ukavutwa. Siku ukichanika, usaha na damu vitamwagika kifuani kwa pamoja, na hata kama nimesimama pembeni yake na kisu mkononi sitawahi.

"Tunaujua ukuta huo," Profesa alisema. "Tunaufuatilia." Kisha, kwa upole uleule aliotumia kunifundisha kushona mshipa: "Jumatatu ni zamu ya mama yako, Oresta. Nilimweka mbele mimi mwenyewe. Fikiri vizuri kabla hujaenda kule juu kuongea."

Nilitoka. Kwenye korido niliegemea ukuta nikafikiri, na nasema wazi nilichofikiri: nyamaza. Jumatatu moja tu. Mkamue mara moja ya mwisho, mama apate, halafu useme. Nilijiona kama nzi anayezunguka kidonda, na bado sikuliacha wazo lile kwa muda mrefu.

*

Mzee Odilo alikuwa ameamka, anachambua chungwa.

"Mhehe leo umenuna. Mbwa amekufa?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. "Mzee, leo sitanii."

Aliweka chungwa chini.

Nikamweleza yote, la jipu, la pakiti tamu, la asali, la Mama Sikitu anayekimbia wodini. Jambo moja tu sikumwambia: kwamba aliye mbele kwenye foleni ni mama yangu. Nilijiambia kwamba nikilitaja nitakuwa nimemkaba koo. Mtu hawezi kuchagua huku ameshikwa koo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta beseni, akatema mate, akatema tena, akajifuta mdomo kwa shuka kama aliyelishwa kitu kibaya.

"Watu wameingiziwa usaha huu? Wa humu?" Alijigusa kifuani kwa ncha ya kidole, kama anagusa mzoga.

"Ndiyo, Mzee."

"Unajua kazi yangu ilikuwa nini."

Nilijua. Alikuwa mkaguzi wa nyama, Songea kwanza, halafu machinjio ya hapa, mpaka alipostaafu.

"Ng'ombe anameza waya," alisema. "Waya unatoboa tumbo, unaenda mpaka kwenye moyo. Ukiupasua moyo, unakuta usaha, hivyohivyo kama huu wangu. Mwenye ng'ombe analia, anasema Mzee Gama, kata pale pabaya, kwingine kuzima. Anasema watoto watakula nini. Mimi natupa. Tena sikuwa natupa hivihivi, maana ukigeuka tu wanaokota, jioni unasikia supu inanukia kwa jirani. Namwagia mafuta ya taa, mwenye ng'ombe akiwa anatazama. Watu walinichukia, we acha tu. Ila hakuna aliyewahi kula moyo mbovu kwa mkono wangu." Alilisukuma beseni pembeni. "Hao waliopewa wamepona kweli?"

"Wanatembea, Mzee. Wengine walikuwa wa kufa."

"Na wakitundikiwa maji ya kufuta, hao wadudu wangu wanakufa ndani yao? Au nao watajichimbia mashimo?"

Kwenye furaha yote ile ya wodi ya chini hakuna aliyekuwa amelijaribu hilo. "Sijui," nilisema. "Hakuna anayejua."

"Haya. Na mimi?"

"Ukibaki hivi utapasuka, sijui lini. Nikikukata kesho unaweza kupona, unaweza pia kunifia mezani. Kuna la kukuuliza jingine." Nilitazama jicho la ukutani. "Nikishalitoa jipu, wafumaji wataishi saa chache. Watatosha mtu mmoja, wa mwisho. Unataka apewe?"

Mzee Odilo alinitazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kugeuza ini na kutafuta doa.

"Unaniuliza kama daktari," alisema, "au kama mtani?"

"Kuna tofauti gani?"

"Mbona unaijua! Mtani sina namna ya kumnyima. Akisema nataka, ni chake, ameshachukua. Daktari nina haki ya kumkatalia."

Neno moja tu. Ningelisema nikicheka, ningemtupia na tusi la panya juu yake, naye angecheka, na jicho la ukutani lingewaka kijani, na mama angelala chali wiki ijayo kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Wala usingekuwa uongo, mimi ni mtani wake kweli. Ungekuwa tu ujanja uleule wa Profesa, safari hii kwa mkono wangu.

Nilimchukia yule mzee kwa kuniuliza. Nilitamani asingejua kuuliza.

"Kama daktari," nilisema.

"Basi, Daktari Kikoti, nikate. Na ukishalitoa, litupe. Lisimfike mtu yeyote. Mwagia mafuta ya taa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita daktari. Jicho la Shahidi likawa kijani, sauti ikasema ridhaa imepokelewa, na ridhaa mpya hufuta ya zamani, hata Profesa hana la kufanya juu ya hilo.

"Mafuta ya taa siku hizi hayapatikani hata kwa dawa," nilimwambia.

"Tafuta kitu kichungu basi," alisema, akarudi kwenye chungwa lake, kisha akakumbuka kwamba anakwenda kisuni, akalisukuma mbali.

*

Tulimfungua kesho yake asubuhi. Nimeona mengi kwenye vifua vya watu ila lile sikuwahi kuliona. Jipu lilikuwa limekaa upande wa chini wa moyo, limevimba kama fuko la buibui, la manjano, na moyo ulipodunda nalo lilidunda. Ndani ya ngozi yake nyembamba vitu vilikuwa vinatembea. Nyuzi. Zilikuwa zinafumwa huku natazama, nyeupe, nzuri sana, zinajisokota ndani ya uozo. Bupe aligeuka pembeni akapumua kwa nguvu ndani ya barakoa. Mimi sikugeuka, kwa sababu ningegeuka nisingerudi.

Nililizungushia kisu taratibu, nikalitoa bila kulipasua, nikashona kiraka mahali pake. Moyo ulisita. Ukasita tena. Kisha ukashika mwendo, peke yake, mwepesi, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Mlangoni alisimama Profesa Kokuhirwa, amevaa vazi la upasuaji, na kisanduku cha barafu mkononi.

"Alichokikataa ni mwili wake kutumika," alisema. "Hicho kwenye sahani si mwili wake tena. Ni taka, na taka ni za hospitali. Mama yako yuko hapo chini, Oresta. Dakika chache tu."

Jipu lilikuwa kwenye sahani ya chuma, bado la moto, bado linatetemeka. Nililitazama. Nilikuwa nalichukia kwa kila kitu nilichonacho na nilikuwa nalitaka kama mtu mwenye njaa. Sijawahi kujitia kinyaa mwenyewe kama wakati ule.

"Bupe, nipe maji ya kufuta. Ya kweli."

Alinipa chupa nzima. Nilimimina, Profesa akitazama. Usaha ulitoa povu, ukageuka kijivu, nyuzi zikajikunja zikawa kama nywele zilizoungua. Nilimimina mpaka chupa ikaisha, na chumba chote kikanuka shubiri. Profesa hakupiga kelele. Alifunga kisanduku chake akaondoka, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka.

*

Mama nilimwambia mwenyewe. Sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamweleza dawa ilikuwa nini na imeishia wapi.

"Usaha?" alisema. Uso ulimkunjamana wote. "Usaha wa Mngoni? Ndio mlitaka kunitia moyoni?"

"Ndiyo, mama."

"Heri ningekula panya wake." Akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akanishika mkono mpaka pumzi iliporudi. Alipoweza kusema tena hakuwa anacheka. "Ningekubali, Oresta. Ningefumba macho, nikaziba pua, nikakubali. Nataka kuona mvua zijazo."

"Mama..."

"Ungeniuliza. Yule mzee umemuuliza, tena vizuri. Mimi nani aliniuliza?"

Nilivuta kitenge, nikamfunika miguu.

"Nipeleke nikamsalimie," alisema.

Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mrija wa hewa puani, miguu iliyovimba imefunikwa kitenge. Mzee Odilo alikuwa ameegeshwa kwenye mito, kifua kimefungwa bendeji, rangi imeanza kumrudi. Aliponiona alitabasamu.

"Mhehe! Umeniletea mke?"

"Mngoni mchoyo wewe!" Mama alikuwa amekusanya pumzi yote kwa ajili ya maneno hayo. "Nimesikia habari zako. Watu wanamnyima mtani kuku, wanamnyima ng'ombe. Wewe unaninyima hata usaha?"

Mzee Odilo aliangua kicheko, akashika mshono wake. "Huyu nani? Ametoka wapi huyu mama?"

"Ni mama yangu, Mzee," nilisema.

Kicheko kiliendelea kidogo, kisha kikapungua. Yale macho yake yalianza kazi yaliyoizoea. Yalipita kwenye midomo ya mama iliyokuwa na rangi ya zambarau, yakashuka kwenye mshipa wa shingo uliovimba, yakafika miguuni, yakakaa hapo. Yakapanda tena, yakanitazama mimi.

"Mtu wa mwisho," alisema.

Nikaitika kwa kichwa.

"Na ukaniambia wewe ni daktari."

Mama alimpungia mkono. "Natania, baba. Nakutania tu. Usinune, mtani hanuni."

Mzee Odilo alijitahidi. Niliona mdomo wake ukitafuta tusi, hata dogo, hata la mbwa, la kumrudishia. Hakulipata. Kisha machozi yakamtoka, mzee mzima, akanyoosha mkono kuelekea kwa mama, kiganja wazi, hakina kitu.

"Chukua, mama," alisema. "Chukua wote."

Juu ya kichwa chake jicho likawa kijani.

"Ridhaa imepokelewa."